Mtoto alipata 49 Iringa, akapata 45 Mbeya: je, amerudi nyuma?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi naishi Mafinga, nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu mwenye mtindio wa ubongo. Anakaa mwenyewe, anatambaa kwa kurukaruka (miguu yote miwili kwa pamoja), na akishika kitanda anajivuta mpaka anasimama. Mwezi wa tatu alipimwa hospitali moja Iringa, wakaandika 49. Mwezi wa nane mjomba wake alitupokea Mbeya, akapimwa kipimo hichohicho hospitali nyingine, wakaandika 45. Mazoezi sijaacha hata wiki moja. Baba yake anasema kama namba inashuka basi tunachoma nauli bure, bora tuache. Nimekutumia picha za karatasi zote mbili. Je, mwanangu anarudi nyuma? Na hivi vipimo vinaaminika kweli?

Jibu: Marahaba mama, kamwene. Nianze na kinachokukosesha usingizi. Kwa karatasi ulizonitumia, sioni mtoto aliyerudi nyuma. Ninachokiona ni mtoto yuleyule aliyepimwa na watu wawili tofauti, katika vyumba viwili, mara moja akiwa amevaa splinti (kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu) na mara nyingine akiwa peku. Ukinifuata taratibu kwenye hesabu, utaona pointi hizo nne zimekwenda wapi, na nadhani hata baba mtoto ataelewa.

Kipimo chenyewe kinaitwa GMFM. Kilitengenezwa Kanada na Dianne Russell, Peter Rosenbaum na wenzao, kikatangazwa mwaka 1989, na leo ndicho kinachotumika zaidi duniani kupima uwezo wa kutumia mwili kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kina vipengele 88 vilivyogawanywa katika maeneo matano: kulala na kugeuka, kukaa, kutambaa na kupiga magoti, kusimama, na mwisho kutembea, kukimbia na kuruka. Mtoto asiye na ulemavu akifika miaka mitano kwa kawaida huvimaliza vyote. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri maana yake hakuanza kabisa; 1 ameanza tu, chini ya sehemu ya kumi ya tendo; 2 amefanya sehemu lakini hakumaliza; 3 amekamilisha. Anaruhusiwa kujaribu mara tatu na inachukuliwa ile iliyo bora. Mpimaji anaweza kumwonyesha kwa vitendo, ila hawezi kumshika akamsaidia.

Hapo kwenye 1 na 2 ndipo wapimaji wengi wanapoachana. Sehemu ya kumi ya tendo haipimwi kwa rula, ni jicho linaloamua. Mtoto akiwa amepiga magoti, akanyanyua kidogo goti moja kisha akarudi chini, mmoja atasema ameanza na mwingine atasema amefanya sehemu. Mafunzo huwasogeza wapimaji karibu zaidi, na mwongozo unaeleza kila kipengele kwa undani, lakini pengo haliishi lote.

Sasa tuangalie karatasi zako. Iringa aliandikiwa hivi: kulala na kugeuka 48 kati ya 51, kukaa 48 kati ya 60, kutambaa na kupiga magoti 21 kati ya 42, kusimama 6 kati ya 39, kutembea 5 kati ya 72. Mbeya, kwa mpangilio huohuo: 47, 46, 17, 4 na 4. Ukijumlisha alama zenyewe unapata 128 Iringa na 118 Mbeya, kati ya 264. Kwa hiyo hofu yote hii inatokana na alama kumi.

Ile 49 haitokani na kugawa 128 kwa 264. Kila eneo hugeuzwa kwanza kuwa asilimia, kisha asilimia zote tano hujumlishwa na kugawanywa kwa tano. Matokeo yake ni kwamba alama hazina uzito sawa. Eneo la kusimama lina alama 39 tu, kwa hiyo alama moja ya hapo hubeba pointi 0.51 kwenye jumla. Eneo la kutembea lina alama 72, na alama moja ya hapo hubeba 0.28. Mtoto akipoteza alama moja ya kusimama anashuka karibu mara mbili ya yule aliyepoteza alama moja ya kutembea, ingawa kwa macho ya mzazi ni kitu kilekile. Kwa mwanao, alama nne za kutambaa na mbili za kusimama peke yake zimebeba zaidi ya theluthi mbili za anguko lote.

Tuanze na kutambaa. Kuna vipengele viwili vinavyofuatana kwenye karatasi, namba 44 na 45. Cha kwanza kinamtaka mtoto asogee mbele mita 1.8 kwa mikono na magoti, hata kama anajisukuma tu. Cha pili kinataka umbali uleule, lakini kwa kupishanisha: mkono huu na goti lile, kisha upande wa pili. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba anatambaa kwa kurukaruka, miguu yote kwa pamoja. Ndivyo wanavyotambaa watoto wengi ambao miguu imekakamaa kuliko mikono. Iringa wamempa 3 kwenye 44 na 3 kwenye 45. Mbeya wamempa 3 kwenye 44 na 0 kwenye 45. Inawezekana Iringa siku ile alipishanisha kweli. Inawezekana pia macho yalimwona amefika mwisho wa mkeka yakaridhika. Vyovyote ilivyokuwa, mstari huo mmoja una alama tatu, sawa na pointi 1.4, yaani theluthi moja ya hizo pointi nne. Mtoto hajapoteza kitu hapo. Anatambaa leo kama alivyotambaa mwezi wa tatu.

Kisha kusimama. Pembeni ya karatasi ya Iringa pameandikwa kwa kalamu kwamba alikuwa amevaa splinti. Ya Mbeya inaonyesha alipimwa peku. Splinti inashika kifundo cha mguu kisigino kisinyanyuke, na mtoto anayejivuta kusimama kwenye benchi akiwa nayo anapata msingi ambao peku hana. Kipimo hiki chenye vipengele 88 kinaruhusu kupima kwa namna zote mbili, lakini namba ya splinti hulinganishwa na namba ya splinti, na ya peku na ya peku. Kuzichanganya ni kosa hata kama kila mpimaji amefanya kazi yake vizuri.

Alama tano zilizobaki, moja ya kutambaa, mbili za kukaa, moja ya kulala na moja ya kutembea, sitazitafutia sababu moja moja. Mlitoka Mafinga alfajiri, mwezi wa nane, na baridi yetu ya huku mnaijua. Mtoto amekaa kwenye basi zaidi ya kilomita 200, ameshuka amechoka, amevalishwa suruali mbili, anaingia kwenye chumba asichokijua, halafu mtu asiyemjua anamwambia ageuke kushoto. Kipimo kizima huchukua dakika 45 hadi saa nzima hata kwa mtoto aliyelala vizuri na kushiba. Mimi ningeshangaa kama asingepoteza hata alama moja.

Umeuliza kama vipimo hivi vinaaminika. Ndiyo, na hiki ni miongoni mwa vilivyochunguzwa zaidi. Watafiti huwapa wapimaji wawili mtoto mmoja, au mpimaji mmoja humpima mtoto mara mbili baada ya siku chache, kisha hukokotoa kiasi cha kukubaliana kwao kwa namba inayoanzia 0 hadi 1. GMFM mara nyingi hupata zaidi ya 0.9, ambacho ni kiwango cha juu sana. Ila hapa kuna jambo ambalo hata sisi wataalamu hulipita haraka. Namba hiyo hutokana na kundi la watoto waliotofautiana sana: kuna anayekimbia na kuna asiyeweza kuinua kichwa. Katika kundi la namna hiyo wapimaji watakubaliana tu juu ya nani yuko juu na nani yuko chini, kwa sababu tofauti kati ya watoto ni kubwa mno. Hilo halikuambii pointi nne za mtoto mmoja zina maana gani. Kwa mtoto mmoja swali la kuuliza ni jingine: kipimo hiki hupotoka kwa pointi ngapi hata mtoto asipobadilika? Upotokaji huo huwa mdogo mpimaji akiwa mmoja, chumba kimoja na mavazi yaleyale, na hukua kila unapobadilisha kimojawapo. Nyinyi mlibadilisha vyote vitatu.

Jambo jingine la kuangalia ni toleo. Mwaka 2000 lilitoka toleo la vipengele 66, ambalo hupanga vipengele kwa ugumu na kukokotoa matokeo kwa programu ya kompyuta. Matokeo yake nayo huandikwa kwa namba kati ya 0 na 100, kwa hiyo kwenye kadi yanafanana kabisa na ya 88, lakini hayalinganishwi. Ni kama gunia la kawaida la viazi na lumbesa: yote mawili yanaitwa gunia moja, na anayeuza anajua tofauti yake. Karatasi zako zote mbili ni za 88, nimehakikisha. Lakini siku yoyote utakapopimiwa mahali pengine, uliza.

Kadi ya Mbeya ina namba nyingine pia, ya ukakamavu wa misuli, imeandikwa 2. Hiyo ni ya kipimo cha Ashworth kilichoboreshwa na Bohannon na Smith mwaka 1987. Mpimaji hukunja na kukunjua kiungo na kusikiliza kwa mikono yake kinavyopinga. Hiki nakuomba usikitegemee kulinganisha hospitali na hospitali. Wapimaji wawili hutofautiana mara kwa mara, na mtoto anayelia, anayehisi baridi au anayeogopa hukakamaa palepale mikononi mwako. Hata kupima pembe za viungo kwa kifaa maalum, kazi inayoonekana ya hesabu tupu, watu wawili wanaweza kupishana digrii kumi kwa mtoto huyohuyo siku hiyohiyo.

Kilichonipa faraja kwenye karatasi zako ni kitu ambacho hukukiuliza. Juu kabisa, zote mbili zimeandika ngazi ya III. Hiyo ni GMFCS, mfumo wa ngazi tano uliotolewa na Robert Palisano na wenzake mwaka 1997 na kupanuliwa mwaka 2007 ili ufike hadi umri wa miaka 18. Hauhesabu alama. Unauliza maisha ya kila siku yakoje: anakaaje, anasogeaje, anahitaji kushikilia nini. Ngazi ya I ni mtoto anayetembea bila kushikilia kitu, ya V ni yule anayehitaji kubebwa au kusukumwa kila mahali. Chini ya miaka miwili ngazi hubadilika sana na ni vizuri kuirudia mtoto akikua, lakini kwa umri wa mwanao huwa imetulia kiasi. Wapimaji wako wawili, wasiojuana, wamemwona mtoto yuleyule. Na wazazi nao, wakielezwa vizuri ngazi hizo, hukubaliana sana na wataalamu. Hilo limechunguzwa na kuthibitika. Kwa hiyo ukisema "namwona nyumbani hajarudi nyuma", kwangu huo ni ushahidi wenye uzito, na mtaalamu yeyote anapaswa kuusikiliza.

Ngazi hiyo inaeleza pia jambo ambalo ni afadhali ulisikie kutoka kwangu mapema. Wale watafiti wa Kanada waliotengeneza GMFM, pamoja na wenzao, walifuatilia watoto 657 wa jimbo la Ontario na kutoa matokeo mwaka 2002. Waliona kwamba watoto wa ngazi ya III hufikia sehemu tisa kati ya kumi za uwezo wao wa mwili wakiwa na miaka 3.7 hivi. Baada ya hapo namba hupanda polepole sana. Siichukui hesabu hiyo na kuibandika kwa watoto wetu ilivyo, maana wale walikuwa wakipata huduma ambazo wengi wetu Nyanda za Juu tunazifuata kwa nauli na kwa foleni, na wapo watoto wanaoanza mazoezi wakiwa wameshachelewa. Lakini umbo la safari ni hilo. Kuanzia umri alionao mwanao, namba inayosimama mahali pamoja si dalili kwamba mazoezi yameshindwa. Kazi ya mazoezi sasa ni kumpa matumizi ya uwezo alionao: kukaa kwenye kigoda ale na wenzake, kusimama akiwa ameshika wakati unamvalisha, kutembea na fremu mpaka mlangoni, kuzuia viungo visijikunje. Mengi ya hayo hayaonekani kwenye jumla ya GMFM.

Sasa sikiliza kwa makini sehemu hii. Mtindio wa ubongo wenyewe hauendelei kuharibu ubongo. Kwa hiyo mtoto akipoteza kweli kitu alichokuwa akikifanya nyumbani, yaani alikuwa anajivuta kusimama kila asubuhi na sasa hawezi wiki nzima, hiyo si habari ya wapimaji kutofautiana. Mpeleke hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa degedege jipya au lililoongezeka, dawa ya degedege inayomlaza, maumivu, ugonjwa kama malaria au nimonia, utapiamlo, au nyonga inayochomoka taratibu. Na ikiwa anaendelea kupoteza uwezo mwezi hadi mwezi bila sababu kuonekana, daktari anatakiwa auangalie upya utambuzi wenyewe, kwa sababu yapo magonjwa yanayofanana na mtindio wa ubongo mwanzoni.

Kwa kulinganisha siku zijazo, kifaa kizuri unacho mkononi. Chukua simu, mrekodi kila mwisho wa mwezi, mahali palepale nyumbani, saa ileile, akiwa ameshiba na hana homa. Matendo manne yanatosha: anavyotoka kulala mpaka kukaa, anavyotambaa kutoka mlangoni hadi kitandani, anavyojivuta kusimama, na anavyosimama akiwa ameshika kwa mkono mmoja. Simu iwe chini, usawa wa mtoto, kwa ubavu, na miguu yote ionekane. Mrekodi peku kwanza, kisha na splinti. Usimsaidie wala usimshangilie katikati. Video sita za namna hiyo zitanieleza zaidi kuliko namba mbili za hospitali mbili, na zitamrahisishia kazi kila mtaalamu utakayekutana naye.

Video hizohizo mwonyeshe baba yake. Usianze kwa kubishana naye kuhusu nauli, maana hoja yake ina msingi: mtu anayelipa ana haki ya kuona anacholipia, na aliyempa namba 45 bila maelezo hakumtendea haki. Kaa naye mtazame ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa nne kwa pamoja. Mweleze pia zile alama kumi, na ule mstari wa kutambaa.

Wenzangu mnaopima watoto, nanyi nina ombi kwenu. Tafadhali msimpe mzazi jumla peke yake. Andikeni toleo, andikeni peku au splinti, andikeni hali ya mtoto siku hiyo na jina la aliyepima, na mpe mzazi nakala ya alama za kila eneo. Mama huyu asingekuwa na picha za karatasi zake, leo nisingekuwa na la kumwambia zaidi ya pole, na huenda mtoto angeachishwa mazoezi kwa sababu ya mstari mmoja.

Kipimo kijacho kifanyike mwezi wa pili, miezi sita baada ya kile cha Mbeya. Kabla ya hapo hakuna haja. Nashauri uende Iringa, kwa sababu ni karibu, unaweza kumfikisha mtoto hajachoka, na ndiko utakakokuwa unarudi. Omba akupimie yuleyule wa mwezi wa tatu kama bado yupo. Beba karatasi ya Mbeya, mwombe kwa upole aangalie kipengele namba 45 kwa makini, na ampime kusimama na kutembea peku kwanza halafu na splinti, akiandika namba mbili. Siku hiyohiyo uliza habari ya picha ya eksirei ya nyonga. Kwa watoto wa ngazi ya III, karibu wanne katika kumi nyonga huanza kutoka mahali pake, mara nyingi bila maumivu mwanzoni, na kwenye karatasi zote ulizonitumia sijaona mahali palipoandikwa kwamba imewahi kupigwa.